Pikapu ya Dizeli: Mwenye Gari Aulizwe Mwaka wa Kumi

Wasomaji wengi wamekwisha kuona jinsi gari jipya linavyopokewa kijijini. Watoto hulikimbilia, akina mama hupiga vigelegele, na wazee hulizunguka wakiligonga kwa vidole kama watu wanaochagua mtungi sokoni. Mwenyewe husimama kando akitabasamu. Siku hiyo hakuna gari baya. Lakini shangwe ya siku ya kwanza haimfundishi mtu neno lo lote. Atakaye kujua kama mwenye gari ameridhika kweli, na amwendee mwaka wa kumi, wakati rangi imekwisha kuchujuka na deni limekwisha kulipwa, akamwulize polepole.

Nayaandika haya kwa sababu jambo lenyewe lilinifika. Mimi ni mwanachama wa ushirika mdogo wa maziwa katika Nyandarua. Kwa miaka mingi tulikodi gari la mtu kuyachukua maziwa yetu kutoka vijijini mpaka penye mtambo wa kuyapoza. Wakati wa kiangazi mambo yalikuwa mema. Walakini masika yakiingia na njia ikigeuka matope, gari lile lilichelewa, na pengine halikuja kabisa. Maziwa yakachacha katika madebe, na jasho la watu likamwagwa mtaroni. Basi tukaazimia kununua pikapu yetu wenyewe, gari zito la dizeli liwezalo kupita kila mahali. Fedha zilikuwapo, nazo zilikatwa senti kwa senti katika kila kilo ya maziwa.

Mkutano wa kuchagua gari ulitaka kuvunjika. Vijana walitaka gari la siku hizi, lenye injini ya turbo na kompyuta, liwezalo kupanda mlima kama swala. Wazee walitaka gari la namna ya zamani, ambalo fundi wa njiani aweza kulifungua kwa spana. Kelele zilipozidi, mama mmoja, mjane mwenye ng'ombe watatu, alisimama akasema, “Mwenyekiti, fedha hizi ni karo ya watoto wetu. Asiulizwe anayeuza gari, wala asiulizwe aliyelinunua jana. Wapeni watu watatu nauli, wakawaulize wale waliokaa na magari hayo hata rangi ikawatoka.”

Neno lake likapita. Mimi nikawa mmoja wa hao watatu, nasi tukaagizwa kumwuliza kila mwenye gari maswali matatu tu. La kwanza: ni kitu gani kilichoharibika, na kwa nini? La pili: kilipoharibika, ulisimama siku ngapi? Na la tatu: kama ungalikuwa na fedha leo, ungalilinunua tena gari lile lile?

MZEE WA ISIOLO

Wa kwanza tuliyemwendea ni mfanya biashara wa mifugo mjini Isiolo. Gari lake ni Toyota Land Cruiser, pikapu ya namba 79, ambayo alilinunua likiwa jipya mwaka 2003. Jina la Land Cruiser lina umri mkubwa. Gari la kwanza la ukoo huo lilitengenezwa Japani mwaka 1951, na jina lenyewe likatolewa mwaka 1954. Ukoo uitwao wa 70, ambao pikapu hii ni mmoja wa watoto wake, ulianza mwaka 1984. Injini iliyomo katika gari la Mzee huyu yaitwa 1HZ. Ilitolewa mwaka 1990, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ukubwa wake ni lita 4.2. Haina turbo wala kompyuta ya kupima mafuta. Hapa Kenya pikapu za namna hii zimeunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, kutokana na vipande vinavyoletwa kwa meli, na ndiyo sababu vipuri vyake havina shida kupatikana hata katika miji midogo.

Msomaji anayeijua njia ya Isiolo hadi Moyale leo, iliyotandikwa lami yote katika miaka ya 2010, hawezi kufahamu mateso ya zamani. Ni safari ya kilometa zipatazo 500. Kabla ya lami kulikuwa na vumbi, na mawimbi ya ardhi yanayotikisa gari mpaka misumari ikalegea, na katika jangwa la Dida Galgalu mawe meusi makali yanayokata matairi kama panga. Katika njia hiyo Mzee alichukua mbuzi, unga, mapipa ya maji, na mara nyingi wagonjwa waliokuwa wakipelekwa hospitali ya Marsabit.

Tulipomwuliza swali la kwanza hakujibu kwa kinywa. Aliingia ndani akatoka na daftari tatu zilizofungwa kwa kamba. “Mimi kichwa changu kimezeeka, wanangu,” akasema, “lakini karatasi hazisahau.” Kila oili iliyobadilishwa, kila chujio, kila tairi, imeandikwa humo pamoja na tarehe na kilometa. Springi za nyuma zimevunjika mara nyingi, shokomzoba hazihesabiki, klachi imebadilishwa mara tatu, rejeta mbili zimekwisha. Gari lenyewe limekwisha kwenda kilometa zaidi ya laki sita.

Tukamwuliza, “Na injini, Mzee?”

Akanyamaza kidogo, kisha akaifungua daftari ya pili penye mwaka 2011. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka ule ukame ulikuwa mkali sana katika upande wa kaskazini. Gari lilikuwa likipeleka maji kila siku kwa ng'ombe wake waliokuwa mbali malishoni. Majuma mawili kabla ya msiba, dereva alikuwa ameandika kwa mkono wake: mpira wa maji wa rejeta umechoka. Mzee alilisoma neno hilo. Akaona kwamba mpira ungeweza kungoja hata mvua zinyeshe, kwa kuwa siku zile kila shilingi ilinunua majani.

Mpira haukungoja. Ulipasuka njiani wakati wa jua kali. Dereva aliuona mshale wa joto ukipanda, lakini akawaza kwamba watu na wanyama wanangoja maji, akaendelea mbele kilometa chache. Aliposimama hatimaye, akamwaga maji baridi juu ya injini iliyokuwa ikiwaka moto. Kichwa cha injini kikapasuka. Gari lilisimama majuma matatu likingoja kichwa kingine. “Ng'ombe hawakungoja majuma matatu,” akasema Mzee. Hakututajia idadi ya waliokufa, wala sisi hatukumwuliza.

Kisha akasema, “Watu huniambia niuchane ukurasa huu. Sitauchana. Kila dereva ninayemwandika kazi huusoma kwanza, ndipo nampa ufunguo.”

Swali la tatu alilijibu akicheka. “Kulinunua tena? Dereva wangu wa kwanza amekwisha kustaafu, na anayeliendesha sasa ni mwanawe. Ningelinunua leo.” Lakini hakutuficha kasoro. Gari hilo ni gumu kwa mgongo. Katika lami huenda polepole, na kila matatu hulipita. Hunywa mafuta kuliko magari madogo. Na kelele zake humchosha mtu. Nikamwuliza, “Mbona basi waridhika, Mzee, nawe una malalamiko mengi namna hii?” Akanijibu, “Malalamiko haya niliyajua mwaka wa kwanza. Mpaka leo hayakuongezeka.”

FUNDI ATUELEZA SABABU

Kutoka Isiolo tulirudi kwetu kupitia Nyahururu, nasi tukaonana na fundi mmoja mzee ambaye amefungua injini za dizeli tangu ujana wake. Tulimwomba atueleze kwa nini injini ya Mzee yule iliishi sana, na jambo gani lililotaka kuiua.

Fundi alianza mbali kidogo. Rudolf Diesel alikuwa Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1858, na injini yake ilifanya kazi barabara mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Wazo lake lilikuwa hili. Katika injini ya petroli, mafuta na hewa huwashwa kwa cheche ya plagi. Katika injini ya Diesel hakuna cheche. Pistoni huibana hewa peke yake ndani ya silinda mpaka inakuwa ndogo mara 20 hivi kuliko ilivyokuwa. Hewa ikibanwa namna hiyo huwa na joto kali mno, na mafuta yakipulizwa ndani yake huwaka yenyewe. Mtu aliyewahi kujaza upepo katika tairi la baiskeli, kisha akaigusa pampu, ameuonja moto huo kwa kidole chake.

“Sasa fahamuni,” akasema Fundi, “kwa kuwa hewa yabanwa kwa nguvu nyingi, injini ya dizeli lazima ijengwe kwa chuma kizito. Ndiyo sababu huishi sana. Tena haina haja ya kuzunguka mbio ili ipate nguvu, na kitu kisichokimbia hakichakai upesi. Isitoshe, kwa kazi ile ile ya kuvuta mzigo, huchoma mafuta machache kuliko injini ya petroli.”

Lakini akatuonya kwamba injini hiyo yenye nguvu ina adui wanne, na wote ni wadogo.

Adui wa kwanza ni joto. Maji matupu ya mtoni huleta kutu ndani ya injini na kuziba njia za rejeta. Yafaa kutumia maji ya dawa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mpira uliochoka ubadilishwe siku ile ile, na mshale wa joto ukipanda, gari lisimame hapo hapo. Injini ikiwa moto isimwagiwe maji baridi wala kifuniko cha rejeta kisifunguliwe; iachwe ipoe yenyewe.

Adui wa pili ni maji ndani ya mafuta. Dizeli iliyowekwa katika mapipa, au tangi lililoachwa nusu usiku wa baridi, huingia unyevu. Maji hayo huleta kutu katika pampu na nozeli, vitu vyenye bei kubwa kuliko vyote. Chini ya chujio kuna kifungo cha kutolea maji. Nacho hakihitaji fundi, ila mtu wa kukumbuka tu.

Adui wa tatu ni oili iliyochakaa. Dizeli hutia masizi katika oili, nayo huwa nyeusi mapema. Weusi peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kupitisha kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha gari. Kila asubuhi kijiti cha oili kichomolewe, kipanguswe, kitazamwe.

Adui wa nne ni mkanda unaoziendesha vali za injini. Katika 1HZ mkanda huo ni wa mpira, na aghalabu hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukikatika njiani, vali na pistoni zaweza kugongana, na hasara yake ni kubwa mno. “Mkanda hautoi sauti kabla ya kukatika,” akasema Fundi. “Mwenye kungoja dalili atazipata barabarani.”

ALIYEVUNJIKA MOYO

Haikutosha kuwasikiliza waliofurahi tu. Tulimtafuta pia mtu aliyeuza gari lake kwa majuto, nasi tukampata Narok, mkulima wa ngano. Sitalitaja jina la gari lake wala la waliomwuzia, kwa maana hatukuenda kumshitaki mtu. Gari lilikuwa pikapu nzuri, lenye turbo na injini ya namna mpya, ambayo alilinunua kwa mkopo. Mwaka wa kwanza hakuna aliyempita njiani. Mwaka wa tatu injini ikaanza kutetemeka asubuhi. Mwaka wa nne nozeli zote zilikuwa zimekufa. Bei ya nozeli na pampu ilimshinda, naye alikuwa bado akilipa deni la benki. Akaliuza kwa hasara, na shamba moja likaenda kulipia mkopo.

Je, gari lilikuwa baya? Tulimrudia Fundi na swali hilo, naye akatikisa kichwa. Injini za namna mpya hupuliza mafuta ndani ya silinda kwa mgandamizo ulio zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya kawaida, kupitia matundu membamba sana. Ndiyo maana zina nguvu nyingi, hazinyweshi mafuta ovyo, na moshi wake ni mchache. Lakini tundu jembamba halivumilii uchafu. Mkulima wetu alikuwa akinunua dizeli ya mapipa kando ya njia, kwa sababu ilikuwa rahisi kwa shilingi chache, naye alibadilisha chujio siku alipokumbuka.

Hapa yafaa wasomaji wajue jambo. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimetaka dizeli isiwe na kiberiti kuzidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni, na mafuta hayo safi ndiyo yanayozifaa injini mpya. Lakini usafi wa mafuta bandarini si usafi wa mafuta katika pipa. Kwa muda mrefu walanguzi walichanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa vile mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Ndipo mwaka 2018 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuwaondolea faida yao. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli, na pampu iliyozoea kulainishwa na dizeli husagika.

Basi mtu huyu hakukosea kununua gari la kisasa. Kosa lake lilikuwa kununua gari linalotaka mafuta safi, kisha akalinywesha mafuta ya mashaka. Tulipomwuliza swali la tatu, alifikiri sana. “Ningalilinunua tena,” akasema, “kama kituo cha mafuta kizuri kingalikuwa karibu nami, na kama nisingaliona haya kumwuliza mtu habari za chujio.”

HATA MAREKANI NI VILE VILE

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya nchi zenye njia mbaya tu. Marekani ni nchi ya pikapu kubwa kuliko zote, na huko wakulima na wajenzi huzitumia kuvuta matela ya ng'ombe na mashine. Katika magari ya mwaka 1989 kampuni ya Dodge ilianza kutia ndani ya pikapu zake injini ya Cummins ya lita 5.9, yenye silinda sita mstari mmoja, ambayo kabla ya hapo ilijulikana katika malori na mashine za kazi. Injini hiyo haina mkanda wa mpira wa kuendesha vali, bali meno ya chuma. Wenye magari hayo wengi walipata kuona chuma cha bodi kikiliwa na kutu huku injini ingali nzima.

Kampuni ya Ford nayo ilikuwa na injini ya dizeli ya lita 7.3, ambayo ilianza mwaka 1994. Ilipofika mwaka 2003 mahali pake pakachukuliwa na injini mpya ya lita 6.0, yenye nguvu zaidi na moshi mchache zaidi. Lakini matengenezo ya injini hiyo mpya yalikuwa mengi hata Ford na kampuni ya Navistar, iliyoitengeneza, wakapelekana mahakamani mwaka 2007 wakigombana juu ya gharama, na shauri hilo wakalimaliza kwa mapatano mwaka 2009. Wakati huo wenye magari ya zamani ya lita 7.3 walikuwa wakiyatunza kama mboni ya jicho, na bei ya magari hayo ikawa nzuri.

Nguvu iliyoandikwa katika tangazo ni neno la siku ya kununua. Mwenye gari ataishi na siku zote zinazofuata. Walakini tusiseme kwamba kila kipya ni kibaya. Nguvu mpya huja na masharti mapya, na anayenunua yapasa ayasome masharti kabla ya kuitamani nguvu.

MOSHI, NA SHEHENA

Kuna mambo mawili ambayo wenye magari ya zamani hawapendi kuyataja, nami sitawaficha wasomaji.

La kwanza ni moshi. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Injini za zamani hutoa masizi mengi kuliko mpya zenye chujio la moshi. Kwa hiyo anayechagua injini ya zamani ana wajibu juu ya jirani zake. Moshi mweusi ukizidi ni dalili ya ugonjwa wa nozeli au chujio la hewa lililoziba, naye mwenye gari asijivunie moshi huo kama jogoo anavyojivunia mkia. Tena gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa, wala lisiachwe linanguruma mlangoni pa shule.

La pili ni shehena. Pikapu nzito huwadanganya watu, kwa maana huonekana haichoki. Sisi wenyewe tulikuwa tumekadiria kuchukua maziwa lita 1,500 kwa safari moja, tukidhani lita ni kitu chepesi. Fundi alitufanyia hesabu. Lita moja ya maziwa huzidi kilo moja kidogo, hivi kwamba lita 1,000 ni kilo 1,030. Ongeza madebe, ongeza vijana watatu wa kupakia, ongeza na matope yaliyoshika chini. Gari litakwenda, lakini springi, breki na ekseli zitalipa. Na breki zikishindwa katika mteremko wenye matope, watakaolipa ni watu.

TULIVYOAMUA

Tulirudi tukasimama mbele ya mkutano na kusoma majibu kama tulivyoyaandika. Hatukusema, nunueni hili au lile. Tuliuliza: kituo chetu cha mafuta kiko wapi, fundi wetu ni nani, na nani atakayeshika daftari? Maswali hayo yakamaliza ugomvi. Vijana wenyewe walikubali kwamba fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta za magari yuko mbali nasi, na kwamba siku moja ya kusimama ni siku moja ya maziwa kumwagwa.

Gari jipya liliizidi fedha yetu. Kuagiza gari lililotumika kutoka ng'ambo kuna sheria yake pia, kwa kuwa Kenya hairuhusu lenye umri unaozidi miaka 8. Basi tukanunua lililotumika hapa hapa nchini, pikapu ya namba 79 yenye injini ile ile ya 1HZ. Tulionyeshwa mbili. Moja ilikuwa imepakwa rangi upya, iking'aa, na bei yake ilikuwa nafuu, lakini mwenyewe hakujua mkanda ulibadilishwa lini. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo mlangoni na bei ya juu zaidi, lakini ilikuja na bahasha ya risiti za miaka 9. Tulizisoma risiti zile mezani mpaka jioni. Tukaichukua yenye mikwaruzo, na sehemu ya fedha iliyobaki tukaitenga kwa mkanda mpya, mipira ya maji na matairi, kabla ya kubeba hata debe moja.

Shehena tumeipunguza, siku za maziwa mengi gari huenda safari mbili. Dereva ana amri ya mkutano, iliyopigiwa kura, kwamba mshale wa joto ukipanda asimame hata kama maziwa yataharibika, wala hatakatwa mshahara. Wengine waliona amri hiyo ni ya ajabu katika ushirika wa maziwa. Sisi tuliosoma ukurasa wa Isiolo hatukuiona hivyo.

Daftari hushikwa na yule mama mwenye ng'ombe watatu. Hajui kuendesha gari, lakini kila Jumamosi humwita dereva na kumwuliza: oili? maji? chujio? mipira? Asipojibiwa vizuri, gari halitoki Jumatatu. Mwezi uliopita aliandika kwamba springi moja ya nyuma ina ufa, na siku ya tatu ilikuwa imebadilishwa.

Ndugu wasomaji, labda mtataka kujua kama tumeridhika na gari letu. Tunalo mwaka wa pili tu, na maziwa hayajamwagwa tangu masika mawili. Lakini nimekwisha kusema tangu mwanzo kwamba swali hilo haliulizwi mapema. Mtuulize mwaka wa kumi, nasi hatutajibu kwa kinywa; tutaingia ndani, tutoke na daftari.